Huyo mtu wenu wa grupu ya mtaa aambiwe ile picha yangu ya angani si skani ya mimba!

Jabari_wa_Nakuru:
Leo sina salamu. Huyo mtu mnamjua, simtaji. Yule ambaye hata ukitangaza msiba anajibu na kikatuni cha kucheka. Huyo huyo.

Wiki tatu nimeishi kama popo. Darubini ya mtumba, kioo cha milimita 130, kamera ya kuazima, mimi uani na blanketi la mtoto mabegani. Video zote za kufundisha kupiga picha nyota zinaanza na "tafuta nyota ya kaskazini." Nyota gani? Hapa Nakuru tuko kusini ya ikweta kwa kijipande cha digrii, hiyo nyota imelala nyuma ya Menengai na haina mpango wa kuamka. Mota ya kufuata nyota sina, kwa hivyo ukiacha kamera wazi zaidi ya sekunde moja nyota zinageuka tambi. Basi ni sekunde moja, tena moja, tena moja, mara 312. Na Jabari (si mimi, lile kundi la nyota, Wazungu wanaliita Orion) saa nne usiku yuko karibu juu ya utosi, kulenga ni kupiga magoti kwenye umande kama mtu anayeomba deni lisamehewe.

Juzi nikaipata. Nebula ya Orion, lile wingu la gesi la chini ya mkanda wa Jabari, umbali wa miaka ya nuru kama 1,300! Kompyuta ikazipanga picha moja juu ya nyingine usiku kucha, feni ikinguruma kama kinu cha posho, asubuhi likatokea: doa la kijivu, umbo la upepeo. (Lilikuwa la kijani ya ajabu, rangi nikaitoa.) Nikatokwa na chozi. Nikaitupa kwenye grupu bila maelezo, nikidhani inajieleza.

Hazikuisha sekunde nne. Huyo mtu: "Hongera sana! Ni ya miezi mingapi?"

MIEZI MINGAPI!

Zikamiminika hongera kama mvua ya Aprili. Mweka hazina akafungua orodha ya mchango. Mke wangu habari za mimba yake kazisikia kazini. Saa mbili asubuhi mama mkwe anapiga kutoka Kakamega: "Baba, mbona tunaambiwa na watu wa nje?" Kuku ameshafungwa miguu. Nianzie wapi kumweleza mama kwamba ni gesi? Ati miezi mingapi! Kitu kina upana wa zaidi ya miaka ya nuru 20, ati miezi mingapi!

Kilimia_Ksm: Weka picha tuone.

Jabari_wa_Nakuru: Hiyo hapo.

Kilimia_Ksm: Mimba hiyo.

Mama_Wawili: Hapo katikati naona mapacha wanne. Mwambie mama mkwe aongeze kuku.

Jabari_wa_Nakuru: Hizo ni nyota nne za Trapezi, ndizo zinaliwasha wingu lote. Niacheni.

Mwalimu_Fizikia: Tuseme haki, huyo mtu hajakosea sana. Mle ndani gesi inajikusanya na nyota zinazaliwa mpaka leo. Ni wodi ya wazazi ile. Ungemjibu tu: miaka milioni na ushee.

Jabari_wa_Nakuru: Mwalimu, uko upande gani?

Mwalimu_Fizikia: Wa ukweli. Mwanaastronomia Mmarekani Henry Draper alipopiga picha ya kwanza ya nebula hiyo mwaka 1880 aliacha kamera wazi dakika 51. Wewe jumla yako ni dakika 5 na sekunde 12. Hata uji hauivi. Na umeikosea fokasi, tazama nyota zako zilivyovimba kama mandazi.

Kilimia_Ksm: Afadhali wewe una giza la kupiga magoti. Huku Kisumu jirani ameweka taa ya sekyuriti inayowaka hata nondo akipita. Kilimia, lile kundi la nyota nililojipa jina lake, mara ya mwisho nilikiona nikienda mazishi kijijini.

Mama_Wawili: Usiniambie taa. Wa kwangu ameielekeza dirishani mwangu, jogoo wangu anawika saa saba usiku akidhani kumekucha.

Bodaboda_Kondele: Kumbe ni jogoo wako?

Mama_Wawili: Wewe unakaa wapi?

Bodaboda_Kondele: Plot ya nyuma. Dada, huyo jogoo nina maneno naye tangu Krismasi.

Jabari_wa_Nakuru: Jamani, tulikuwa kwenye miezi mingapi.

Kilimia_Ksm: Jogoo ana miezi mingapi?

Mama_Wawili: Kumi na minne. Na hauzwi.

Bodaboda_Kondele: Mama mkwe wa Kakamega asingemkataa.

Taa_Bei_Poa: Habari za hapa. Nauza taa za sola, zinamulika uwanja mzima mpaka kwa jirani, zinawaka mpaka asubuhi. Nakuru naleta mpaka mlangoni. Njoo inboksi.

Mama_Wawili: Bei?