Beni na lelemama za Mombasa: je, zilikuwa kumuiga Mzungu tu?

Kuna hoja niliyoanza kuisikia nikiwa mdogo, na mpaka leo hurudi kila inapotajwa ngoma ya beni. Husemwa kwamba wazee wetu wa Mombasa, katika miaka ile baina ya vita vikuu viwili, walivaa sare za Kizungu, wakajiita wafalme na majenerali, wakachinja ng'ombe kwa kushindana mpaka wakabaki na madeni. Kwa hiyo, wasemaji huhitimisha, beni si urithi wa kumfunza mtoto, na bora isahaulike. Naipinga hoja hiyo, na ningependa wanaoiamini wanijibu.

Kuhusu kuiga sibishani sana. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la bendi. Gwaride, tarumbeta, ngoma kubwa ya kupigwa kwa mkwiro, vyote viliokotwa kwa wanajeshi. Mombasa palikuwa na chama cha beni cha Kingi na palikuwa na cha Skochi, na hao Skochi walivaa sketi kama za askari wa Uskoti. Lakini tazama ndani ya vazi hilo palikuwa na nini. Palikuwa na mtindo wa mashindano uliokuwepo pwani kabla Mwingereza hajapandisha bendera yake: upande kwa upande, mtaa kwa mtaa, huku watunzi wakijibizana kwa nyimbo za mafumbo na kila chama kikijitahidi kumlisha mgeni zaidi ya mwenzake. Lamu na Mombasa zilikuwa zikishindana hivyo tangu zamani. Tarumbeta ilikuja ikakuta mchezo umeshaanza.

Hoja nzito kwangu ni ile ya ufujaji, kwa sababu aliyeisema kwa nguvu wakati ule hakuwa mtu wa kupuuzwa. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 kisha al-Islah mwaka 1932, na ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwaonya Waislamu wa pwani wasiteketeze mali kwa mambo ya fahari ilhali elimu ya watoto wao inabaki nyuma. Maneno yake nayaheshimu, na kuhusu madeni nakubali alikuwa na haki. Mtu aliyeuza alichorithi ili chama chake kisishindwe karamu alijidhulumu, akawadhulumu na wanawe. Ninachokataa ni kulichukua onyo hilo leo na kuligeuza kuwa historia nzima ya ngoma hizi.

Kwani fedha ile ilikuwa ikinunua nini?

Mama yake bibi yangu alikuwa mwanachama wa lelemama, ngoma ya wanawake iliyochezwa kwa vyama. Bibi alinieleza jinsi wanawake walivyosimama safu moja juu ya benchi, wamevaa sare, mikono ikienda pamoja polepole, na pembe ikigongwa kwa kijiti. Ukitaka kupanda cheo katika chama ulitoa karamu kwa wenzako, na cheo ulichopata ulikuwa nacho mbele ya watu wote. Mama yake alipofariki, bibi alisema, walioingia jikoni siku zile zote za matanga walikuwa wenzake wa chama kabla hata ya majirani. Sasa kumbuka tarehe moja. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Katika miaka ya 1920 wanawake waliozaliwa utumwani, au waliozaliwa na watumwa, walikuwa wangali hai mjini, na kila mtu alijua nani ni nani. Mwanamke wa aina hiyo angepata wapi cheo? Msikitini hakukuwa na nafasi yake. Katika serikali ya Mwingereza hata mumewe hakuwa na kauli. Kwenye lelemama alitoa karamu yake, akapanda, akaitwa kwa cheo chake na mwanamke wa ukoo mkubwa aliyekaa naye chama kimoja. Sisemi ukoo ulisahauliwa. Nasema palipatikana mahali ambapo haukuwa neno la mwisho, na mahali pa namna hiyo hapakuwa pengi.

Halafu kuna bara. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwabeba askari na wapagazi mpaka mbali, na beni ikaenda nao. Tanganyika vilikuwepo vyama vya beni vya Marini na Arinoti. Katika mji wa Dar es Salaam Marini walikuwa zaidi watu wenye elimu na heshima ya mji, na Arinoti wengi wao watu wa kazi za mikono. Matawi ya miji mbalimbali yaliandikiana barua. Mwanachama akihamia mji mwingine alipokewa, akiugua alihudumiwa, akifa alizikwa. Mara tu baada ya vita maofisa wa Kiingereza walianza kuzichunguza barua na safari hizi, wakiogopa kuna njama. Sasa nauliza: kama ilikuwa kumuiga bwana tu, bwana aliogopa nini? Na mwaka 1935, wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walipogoma na watu sita wakauawa kwa risasi Luanshya, tume iliyoundwa kuchunguza mgomo ilihoji pia kuhusu vyama vya ngoma ya mbeni. Ni ngoma ile ile, imesafiri kutoka pwani yetu.

Mimi naona watu wale walijifunza ndani ya ngoma kazi ambazo mkoloni hakuwapa nafasi ya kuzifanya: kuchagua viongozi, kutunza mfuko, kumtoza faini mkosaji, kuandikia tawi la mbali. Ndiyo maana inaniuma nikisikia haya yote yakifupishwa kuwa sketi za Skochi na ng'ombe waliochinjwa.

Anayesema ni ufujaji aje aseme chombo gani kingine kilimzika mpagazi asiye na ndugu mjini. Na wenye wazee wa Mombasa, Lamu, Tanga au Lindi ambao wangali hai, waulizeni kabla hawajaondoka: nyumbani kwenu mlikuwa chama gani, bibi alikuwa na cheo gani, na je, picha yoyote imebaki?