Tupeane uzoefu: uliulizwa nini kwenye usaili, na ulijiandaa vipi?

Wakuu, salaam. Wapo vijana wengi wenye vyeti vizuri wanaoitwa kwenye usaili, kisha wanaishia kusubiri simu isiyopigwa. Ushauri wa "jiamini, vaa nadhifu, wahi" wameshausikia mpaka basi. Naomba waliowahi kukaa mbele ya jopo, na hasa waliowahi kuwa ndani ya jopo, waeleze kilichotokea hasa.

Mhasibu Mtulivu
Mimi nilianza na tangazo la kazi. Nilichukua karatasi, kushoto nikaandika kila jukumu lililotajwa, kulia tukio moja la kazini linaloonyesha kwamba nimeshalifanya. Kwenye usuluhisho wa benki niliandika: daftari la fedha halikulingana na taarifa ya benki, nikapitia muamala mmoja mmoja, nikakuta hundi iliyoingizwa mara mbili, nikamwandikia msimamizi, na tangu hapo kila hundi ikawa inahakikiwa na watu wawili. Siku ya siku swali likaja na sura nyingine: "Tueleze ulivyowahi kugundua kosa kazini." Tukio lilikuwa mkononi. Na pale ambapo upande wa kulia ulibaki mtupu, ndipo nilipokesha nikisoma.

Nipo Jopo
Mhasibu amegusa penyewe. Nimesaili watu kwa miaka mingi. Usaili ukiandaliwa vizuri, maswali ni yale yale kwa kila anayeingia, kila mwanajopo ana karatasi yake ya alama, na vigezo vya jibu zuri vimeandikwa kabla hujafika. Utaratibu huu una sababu. Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walichapisha mapitio ya tafiti za miaka 85 kuhusu uchaguzi wa wafanyakazi, na usaili wa maswali yaliyopangwa ulibashiri utendaji kazini vizuri zaidi kuliko mazungumzo ya kienyeji. Sasa mtu akisema "mimi ni mchapakazi, najituma", nitampa alama wapi? Aseme hali ilikuwaje, yeye alitakiwa kufanya nini, alifanya nini, matokeo yakawa nini. Hapo kalamu inaandika.

Kuna jambo linaniuma kila mara. Watu wenye adabu wanawaachia wenzao sifa zote: timu ilifanya, ofisi ilifanikisha. Mtu kama huyo anaweza kuwa ndiye aliyebeba kazi nzima, nami siwezi kulijua hilo. Wataje wenzako, ni haki yao, ila useme na wewe ulishika kipande gani. Swali usipolielewa omba lirudiwe. Nyamaza kidogo, fikiri, ndipo ujibu. Hatukati alama kwa hilo.

Mama Wawili
Mimi nilikuwa nje ya ajira nikimuuguza mama, na nilijua wataniuliza. Nilimwomba mdogo wangu aniulize swali hilo tena na tena mpaka nikaweza kulijibu bila kutetemeka. Jibu langu: "Nilikuwa namuuguza mzazi, jukumu hilo limekwisha. Katika kipindi hicho nilijifunza programu ya kuandaa mishahara, na naweza kuwaonyesha." Wakauliza habari za programu tu. Dada zangu mliopitia haya, msiombe radhi kwa kuuguza.

Kijana wa Mitambo
Wangu ulikuwa wa video. Nilikijaribu kiungo cha kuingilia usiku uliotangulia, nikaweka kamera usawa wa macho. Kuhusu mshahara nilikuwa nimeulizia wanaofanya kazi ya aina hiyo, nikataja kiwango cha chini na cha juu. Hawakushtuka.

Mleta mada
Mama Wawili, pole sana na hongera. Mkuu Nipo Jopo, lile swali la mwisho, "una swali lolote kwetu?", tulijibuje?

Nipo Jopo
Usiseme huna. Uliza jambo litakalokusaidia kuamua kama kazi inakufaa, kwa mfano: "Katika miezi mitatu ya kwanza, mtapimaje kama naifanya kazi hii vizuri?" Wakikujibu kwa mambo mahususi, yaandike. Wakianza kutazamana, hiyo nayo ni habari, ifikirie kabla ya kusaini mkataba.