Bando nanunua mimi, matangazo wanaleta wao, na nikiyazuia wananikatia intaneti!

Wakuu, nimechoka na leo nasema.

Tangu wiki iliyopita, nikiwasha DNS ya Faragha kwenye simu, laini yangu ya data inakufa kabisa. Inaandika imeunganishwa, 4G imejaa, lakini hakuna kinachofunguka. Nikiizima, intaneti inarudi hapo hapo. Simu hiyo hiyo nikiweka laini ya kampuni nyingine inaenda vizuri, na nikiunga Wi-Fi ya ofisini inaenda vizuri. Kwa hiyo msiniambie nibadilishe simu. Kuna mtu huko kwenye mtandao wangu amefunga poti 853, mlango ambao DNS ya Faragha hupitia, na hakuna aliyetutaarifu.

Kwa wasiojua ninachozungumzia: kila programu ikitaka kuleta kitu, huuliza kwanza jina fulani liko kwenye namba ipi. Hiyo ndiyo kazi ya DNS. Ukiipa simu seva ya DNS inayochuja, mfano dns.adguard-dns.com, likiulizwa jina la seva ya matangazo jibu linakuwa 0.0.0.0, yaani hakuna pa kwenda. Tangazo halifichwi, halishuki kabisa, na MB zako zinabaki. Simu zenye Android 9 ya mwaka 2018 na kuendelea zina sehemu ya kuiandika seva hiyo, ndiyo inaitwa DNS ya Faragha, ndani ya Mipangilio, mara nyingi kwenye Mtandao na intaneti. Hakuna programu ya kupakua, hakuna kuruti simu, yaani kuvunja kufuli za mfumo wake. Unaandika jina la seva, unahifadhi, umemaliza.

Ndiyo maana nina hasira. Jambo rahisi namna hii, ambalo hata mama yangu mzazi nilimwekea kwa simu, wanalivunja bila kusema neno.

Nilipiga huduma kwa wateja. Dada akaniambia, "Kaka, zima tu hiyo DNS, intaneti itarudi." Nikamwambia najua itarudi, nataka kujua kwa nini mmeifunga. Akaniweka kwenye muziki, kisha simu ikakatika. Nikapiga tena, mwingine akaniambia niizime simu na kuiwasha.

Mimi nanunua bando la siku kama wengi wenu. Video ya tangazo inajicheza yenyewe katikati ya habari ninayosoma, inakula MB nilizolipia, na kampuni inayoniuzia MB hizo haipati hasara yoyote. Na matangazo yenyewe ni ya nini? Kubeti, na mikopo ya "pata laki tano sasa hivi". Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, baada ya watu kudhalilishwa na hata ndugu zao kupigiwa simu za matusi. Binti yangu anasomea mitihani kwenye simu ya mama yake. Sitaki akifungua swali la hesabu arukiwe na odi za mechi. Hilo naomba mniheshimu.

Kuna watakaosema watengenezaji wa programu wanakula kupitia matangazo. Sawa, programu ninayoipenda nailipia. Lakini simu niliyonunua kwa hela yangu dukani inaniletea matangazo kwenye kikokotoo na kwenye sehemu ya kufungulia mafaili! Hapo ni nani anayestahili kula?

Na msinijibu kwamba wamefunga kwa usalama. DNS ya kawaida hupita poti 53 ikiwa wazi, kampuni inaona kila jina unalouliza. Hii ya poti 853 imesimbwa, maswali hayo hawayasomi tena. Ukiichagua kwa jina, simu haikubali kurudi kwenye njia ya wazi kimyakimya, ndiyo sababu poti ikifungwa intaneti yote inasimama. Wenyewe wananiambia niizime. Mimi nikiunganisha hayo mawili napata picha yangu, na wao kama wana maelezo mengine wayatoe hadharani.

Kwa sasa nimehamia programu ya RethinkDNS, inapitisha maswali kwenye poti 443, ile ile ya tovuti zote, hivyo si rahisi kuifunga. Ubaya wake inashika nafasi ya VPN, kwa hiyo VPN ya kazini nalazimika kuiacha kila nikitaka kuchuja. Na kabla hamjauliza: matangazo ya YouTube njia hii haiyagusi, yanatoka kwenye seva zilezile za video.

Malalamiko kwa maandishi nimeshawapelekea, maana TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, wanataka uanze na mtoa huduma mwenyewe kabla ya kwenda kwao. Nikienda peke yangu wataniona msumbufu tu. Naomba kila mwenye Android ajaribu leo kwa data, si Wi-Fi, kisha aandike hapa chini: mkoa uliopo, na DNS ya Faragha imekubali au imegoma. Jina la kampuni nitumieni inbox, nitaambatanisha yote kwenye barua ya TCRA.