Kaunti yaweza kuzuia bomba la mafuta? Nauliza kwa ajili ya Line 5 ya Michigan

BintiMikindani:
Salaam aleikum. Naishi Mikindani, upande wa ghuba ya Port Reitz, na wazee wa huku hawajasahau mwaka 2005 meli ilipovujisha mafuta humo, mikoko ikaathirika. Kwa hivyo nafuatilia sana habari za Line 5, bomba la mafuta la kampuni ya Enbridge linalopita jimbo la Michigan, Marekani. Lilijengwa mwaka 1953, latoka Superior, Wisconsin, hadi Sarnia, Kanada, na njiani lapita chini ya maji ya mlango wa Mackinac, pale ziwa Michigan na ziwa Huron yanapokutana. Lapitisha mapipa kama 540,000 kwa siku. Mabaraza ya kaunti za huko huko, Cheboygan na Emmet, yalipitisha maazimio ya kutaka lifungwe, na mafuta yakaendelea kupita. Sasa azimio la kaunti lina nguvu gani? Yetu ikisimama, itasikizwa?

Serahangi_Mstaafu:
Aleikum salaam, binti yangu. Mimi nilifanya kazi kwenye tagi, meli ndogo ya kuvuta na kusukuma vyombo vingine, hapa Kilindini, kwa hivyo niruhusu nianze na nanga, sheria baadaye.

Aprili 2018 tagi iliyokuwa ikisukuma tishari, chombo cha mizigo, ilivuka Mackinac huku nanga ya tishari ikiburuta chini, na mabaharia hawana habari. Breki ya winchi, mashine ya kuteremsha na kupandisha nanga, haikuwa imekazwa sawasawa. Breki peke yake haiaminiki. Lazima mnyororo nao ufungwe kwa kizuizi chake, kwa sababu mawimbi yakipigapiga breki hulegea, na mnyororo ukianza kukimbia, aliye kwenye tagi huko nyuma asikia injini tu. Nanga ile iliharibu nyaya za umeme zilizolazwa ziwani, mafuta ya kuhami umeme yaliyomo ndani ya nyaya hizo yakavuja, na bomba likabonyea. Halikutoboka, Alhamdulillahi. Lakini lilikuwa limelala wazi, na mkondo wa pale hula mchanga chini yake mpaka laning'inia. Kibali cha 1953 kilikataza lining'inie zaidi ya futi 75 bila nguzo, na sehemu kadhaa zilikutwa zimepita kipimo hicho. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote.

Sheria sasa. Usalama wa bomba linalovuka majimbo uko mikononi mwa Washington, kaunti haina mamlaka. Ila sakafu ya ziwa ni ya jimbo la Michigan, linaishika kwa amana ya wananchi. Novemba 2020 gavana Gretchen Whitmer akafuta kibali kile cha 1953 kwa msingi huo. Kampuni ikakataa kufunga, Kanada ikaleta mkataba wake wa 1977 na Marekani juu ya mabomba yanayovuka mpaka, kesi zikaanza. Lakini kabla gavana hajatia sahihi, kaunti, miji na makabila ya wenyeji walikuwa wamekwisha sema. Maazimio yale yalimpa nguvu.

Kwetu, Ibara ya 62 ya Katiba yaiweka sakafu ya bahari mikononi mwa serikali ya kitaifa. Mombasa basi iko mahali pa Cheboygan, si pa Michigan.

Mtaita_Voi:
Ami, bara msitusahau. Mwaka 2015 bomba la Mombasa hadi Nairobi, la tangu 1978, lilivuja kule Thange, Makueni, mafuta yakaingia mtoni. Hapakuwa na nanga pale. Lakini nao wa Michigan wana haja zao: watu wa kaskazini ya jimbo hupasha nyumba joto kwa gesi itokanayo na bomba lile, na baridi yao si ya mchezo. Ukilifunga leo, uwe na jibu la kesho.

Serahangi_Mstaafu:
Kweli, kaka. Kampuni nayo yataka kuchimba handaki chini ya sakafu ya ziwa ili ipitishe bomba humo, na tume ya jimbo iliridhia Desemba 2023. Wapinzani wasema hiyo ni kurefusha umri wa mafuta tu. Mimi nasema handaki ni afadhali kuliko bomba kulala wazi chini ya nanga za watu.

BintiMikindani:
Nashukuru, ami. Basi kikao cha maoni ya umma kuhusu bomba kikiitishwa huku kwetu, tuulize nini?

Serahangi_Mstaafu:
Ombeni kibali chenyewe mkisome, na ripoti ya mwisho ya ukaguzi. Kisha muulize vali za kufungia ziko wapi, na usiku wa manane nani azifunga, kwa dakika ngapi. Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na mwakilishi wa wadi awepo akisikia.