Muuzaji wa pointi za treni za bustani: usinisingizie jua la Zanzibar, nirudishie pesa yangu

Assalam alaykum wanajukwaa. Nimechoka kupigiwa danadana kwenye simu, acha niyaseme hapa kila mtu ayasome.

Nina treni ndogo ya mfano ya bustani hapa Bububu, ile ya reli za upana wa milimita 45. Ilikuwa inazunguka mwembe bila tabu mpaka nilipotaka njia ya pembeni, nikaagiza pointi, yaani vipande vya reli vinavyoigawa njia kuwa mbili, kwa muuzaji mmoja wa Dar, zikaja na boti. Tangu nizitandike, behewa halipiti pale bila kuacha reli. Linaingia vizuri kwenye ulimi, ile reli inayosogea kuchagua njia, likifika kwenye ncha reli mbili zinapokatana, gurudumu la mbele linaigonga, linapanda juu, linashukia upande wa njia isiyo yake. La nyuma linafuata njia ya sawa. Behewa linabaki limekaa kingamo.

Nikampigia. Akanambia punguza mwendo. Nikaondoa injini, nikasukuma behewa moja kwa mkono, taratibu kabisa. Likaanguka. Akasema ardhi imetitia. Nikaing'oa pointi, nikailaza kwenye sakafu ya baraza, nikaweka pimamaji, sawasawa. Likaanguka. Ulimi unafunga barabara, hata karatasi haipenyi. Nikageuza behewa, nikaleta mengine, yote yanaanguka palepale. Jamani, behewa moja likianguka kila mahali, ubovu uko kwenye behewa. Mabehewa yote yakianguka mahali pamoja, ubovu uko kwenye njia. Hili nalo mpaka tubishane?

Ndipo akaja na la jua. Eti joto la huku limetanua reli! Shaba ya mita 1 ikipanda joto nyuzi 20 hurefuka chini ya nusu milimita, tena hurefuka kwenda mbele. Mfereji wa pointi, ile nafasi kando ya reli ambamo ukingo wa gurudumu hupita, hauwezi kupanuka kwa milimita nzima kwa sababu ya jua, na pointi niliyoipima mara ya mwisho ilikuwa imetoka kwenye boksi, ndani ya nyumba, usiku.

Nimepima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene na nafasi ndogo. Mgongo wa gurudumu hadi mgongo wa mwenzake ni karibu milimita 40, ekseli zote. Upana wa reli mdomoni mwa pointi ni 45. Ubovu uko kwenye kile kipande kifupi cha reli kinachokaa sambamba na reli ya nje, mkabala na ile ncha. Kazi yake ni kulishika gurudumu la upande wake kwa mgongo, livute ekseli nzima, ili gurudumu la pili lipite bila kuigusa ncha. Hawa wamekiweka mbali mno na reli, hakishiki kitu. Nikakata ukanda mwembamba wa kopo la aiskrimu, nikaubandika ubavuni mwake, upande unaotazama reli ya nje. Mabehewa yote yakapita. Nikaubandua, yakaanguka. Video nimemtumia, kaifungua, kanyamaza.

Tena kabla ya kunyamaza alinambia, "Nyinyi Zanzibar reli hamna, mtayajulia wapi haya?" Hili ndilo lililonikera kuliko pesa. Sultani Barghash aliweka reli ya kwenda Chukwani karne ya kumi na tisa. Mwaka 1905 Wamarekani walikuwa wanapakia abiria mjini kuwaleta huku huku Bububu, mwaka ambao Wajerumani ndiyo kwanza wanaanza kujenga Reli ya Kati hapo Dar kwake. Asitufundishe.

Sibandiki plastiki ya aiskrimu kwenye kitu kipya nilichokilipia bei kamili. Nataka pesa yangu pamoja na nauli ya boti ya kuzirudisha. Na mwenye pointi za namna hii, ziwe za huyuhuyu au za mwengine, chukua kalipa upime huo mfereji ulio kati ya kipande kifupi na reli ya nje, kisha weka kipimo chako hapa na picha.