Naomba ushauri: adui mkuu hana tena njia ya kutoroka

Habari zenu wakuu. Naendesha kampeni ya Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika) kwa kanuni za 2014: wachezaji wanne, wahusika wa ngazi ya 7. Adui mkuu, mchawi, nilimpangia atoroke kwa Dimension Door (uchawi wa kuhamia mbali papo hapo) ili arudi baadaye. Tatizo, mchawi wa wachezaji ana Counterspell, uchawi wa kuzima uchawi wa mwingine. Dimension Door ni ya ngazi ya 4. Mchawi wa wachezaji akiizuia kwa nafasi ya ngazi ya 3 (nafasi hutumika kila anapofanya uchawi), anahitaji 14 kwenye kete ya pande 20 pamoja na nyongeza ya akili. Akitumia nafasi yake moja ya ngazi ya 4, inazimika bila kurusha kete. Legendary Resistance (uwezo wa adui mkubwa kugeuza kushindwa kuwa kufaulu) haisaidii, inahusu tu kete za kujiokoa, zile za kuepuka madhara.

Nimeshajaribu kumweka adui zaidi ya futi 60, au nyuma ya ukuta asionekane, ili Counterspell isimfikie. Mara moja ni mbinu; ikijirudia wachezaji wanajua wanaburuzwa. Kudanganya kete nyuma ya kizuizi kinachozificha wachezaji wasizione sitaki kabisa.

Je, akifa, njama yake mnamkabidhi nani bila ushindi wao kuonekana bure? Na kuna aliyewahi kuwaambia wachezaji waziwazi kwamba adui atatoroka, akawafidia kwa Inspiration (zawadi ya kurusha kete mbili na kuchukua iliyo bora)? Walipokeaje?