Mafindofindo yakitolewa, askari wataishi wapi?

Mama Neema:
Habari zenu. Naomba mawazo, hasa kwa waliowahi kuuguza mtoto wa kufanyiwa upasuaji. Binti yangu ana miaka saba, na baada ya wiki mbili anatolewa mafindofindo. Mwaka huu pekee yamemshika mara saba, usiku anakoroma hadi pumzi inakatika, na daktari amesema yatoke.

Mimi ndiye niliyemwanzishia ile katuni ya Kifaransa, Il était une fois... la Vie, nikiamini itamwandaa. Ni ya mwaka 1987 lakini haijachuja: seli nyekundu za damu zinatembea mishipani zimebeba viputo vya oksijeni mgongoni, na seli nyeupe ni askari wa doria. Ameshaangalia karibu sehemu zote 26. Akichubuka goti ananiambia nisihangaike, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimeshafika kuziba.

Juzi usiku nikamweleza habari ya upasuaji. Nikasema mafindofindo ni kituo cha askari pale kooni, kinakagua vinavyoingia mdomoni, ila cha kwake kimeanza kuugua chenyewe. Akanyamaza. Halafu akauliza: "Mama, wakikivunja kituo, askari wataishi wapi? Watakufa wote?" Akalia kilio ambacho hata sindano haijawahi kumliza. Tangu hapo hataki kusikia neno hospitali. Anasema bora aendelee kuumwa koo.

Sikuwa na jibu, na liliniuma kukosa jibu. Je, niachane na katuni nimwonyeshe vipindi vya hospitali halisi, kama Operation Ouch! ya BBC? Au ndiyo nitamtisha zaidi?

Baba Wawili:
Pole sana, Mama Neema. Mimi ningeiondoa. Seli ikishapewa macho na sauti, mtoto anaihesabu kuwa mtu, na mtu hafi hivi hivi bila kuliliwa. Mwanangu wa kwanza aligoma kunywa dawa ya minyoo akisema hata minyoo ina mama yake. Ilituchukua siku mbili kumshawishi.

Muuguzi wa Zamu:
Mama Neema, mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Naomba usiiondoe. Mtoto wako ameuliza swali ambalo watu wazima wengi hawaulizi: nikitolewa hicho kiungo, kinga yangu itabaki wapi? Anastahili jibu la kweli.

Mwambie hivi. Mafindofindo ni kituo kimoja kidogo. Askari hawazaliwi pale, wanazaliwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, mabilioni kila siku. Vituo vingine viko mamia: tezi za limfu shingoni, kwapani, kwenye kinena, hadi tumboni, na wengu chini ya mbavu za kushoto. Kisha chukua kidole chake mpapase pamoja chini ya taya. Kwa mtoto mwenye koo la mara kwa mara, huenda akakuta kivimbe kama punje ya maharage kinachoteleza. Hicho ni kituo, na kinabaki. Nimewaona watoto wakibadilika sura kabisa wakishakigusa wenyewe.

Akiuliza kuhusu wale waliomo kooni siku ile, usimfiche. Watatoka pamoja na kituo. Lakini seli nyingi nyeupe zinazopambana na bakteria huishi siku chache tu hata tusipofanya upasuaji, na nyingine huchukua nafasi yake.

Sasa, kuna mambo ambayo katuni ile haiwezi kumwambia: siku yake mwenyewe itakuwaje. Ataamka na njaa kwa sababu haruhusiwi kula kabla. Atavalishwa gauni, huenda akawekewa kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa mshipani, mkononi au akavuta dawa kwenye barakoa yenye harufu ngeni. Nusu kaputi usimwambie ni "kulala tu", maana wapo wanaorudi nyumbani wakaogopa kitanda chao. Sema ni usingizi unaoletwa na dawa, na dawa ikisimamishwa anaamka. Wala usimwambie hataumwa. Koo litauma wiki moja, pengine mbili, na dawa ya maumivu apewe kwa saa zake bila kusubiri alie. Kooni patakuwa na utando mweupe. Akina mama wengi hudhani ni usaha. Ni kidonda kinapona. Damu mbichi ikitoka, hapo msingoje, nendeni hospitali mara moja.

Operation Ouch! ni nzuri, wale madaktari mapacha wanaeleza kwa upole sana. Lakini itazame wewe kwanza peke yako, umchagulie sehemu ya mtoto anayepokelewa wodini na anayeamka. Ya kisu iache, labda aiombe mwenyewe.

Mwalimu wa Sayansi:
Naunga mkono. Kabla ya kumweleza lolote mpe karatasi achore anavyodhani koo lake liko ndani. Utaona hofu imekaa wapi hasa, na huenda siyo pale unapofikiri.

Mama Neema:
Asanteni mno. Nimerudi kuwapa habari. Tulipapasa, akapata viwili chini ya taya, akaniamuru nami nijipapase. Jana akachora mwili mzima, vituo akavitia rangi ya kijani: shingoni, kwapani, kwenye kinena, na wengu mkubwa kama mpira. Kooni amechora mlango umefungwa. Pembeni ameandika "asanteni kwa kazi". Mchoro anataka kwenda nao hospitali.

Mwalimu, ulisema kweli. Kwenye mchoro wa kwanza, ule wa kabla sijamweleza, alijichora amelala na hakuna mtu chumbani. Usiku akaniuliza: "Nikilala kwa dawa, nani atakuwa anawaangalia askari?" Muuguzi, hilo nimjibu vipi?

Muuguzi wa Zamu:
Mwambie yuko daktari wa usingizi. Atakaa kichwani pake tangu anafumba macho hadi anafumbua, akifuatilia pumzi, mapigo ya moyo na oksijeni kwenye damu, hatoki. Mkifika, ombeni aje ajitambulishe kwake, na mchoro amwonyeshe yeye.